Hausigeli: neno tulilolikopa na haki tunazodaiwa



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.

Wapenzi wasomaji, wiki hii safu yetu inalitazama neno moja la Kiingereza lililoingia majumbani mwetu na kuzoeleka hata ugeni wake ukasahaulika. Ni neno la sehemu mbili: 'house', yaani nyumba, na 'girl', yaani msichana. Waingereza wameyaunganisha, nasi tukayapokea, tukayaongezea irabu zetu, likapatikana neno hausigeli, na wingi wake mahausigeli. Hulitamka asubuhi na jioni. "Mwambie hausigeli alete maji." "Hausigeli wangu ameondoka bila kuaga." "Natafuta hausigeli, nani anifanyie mpango?"

Huenda mtu akasema kwamba neno ni neno tu, na kwamba ukurasa wa familia una mambo mazito zaidi ya kuzungumzia. Sisi tunaona kinyume chake. Jina tunalomwita mtu ndani ya nyumba huamua atakula wapi, atalala saa ngapi, atalipwa nini na nani atamsikiliza akidhulumiwa. Katika nyumba nyingi za Waislamu, mtu wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala ni huyu tunayemwita hausigeli. Kesho mbele ya Allah (s.w.) tutaulizwa juu yake kama tutakavyoulizwa juu ya watoto wetu, kwa kuwa kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Neno lilikotoka

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiingereza cha zama za kati, 'girl' halikuwa na maana ya msichana peke yake. Lilimaanisha mtoto, awe wa kike au wa kiume. Pacha wake, 'boy', lina kisa cha kustaajabisha zaidi. Matumizi yake ya mwanzo yanayojulikana, yapata mwaka 1300, yalimhusu mtumishi au mtu wa daraja la chini, na maana ya mtoto wa kiume ikatawala baadaye. Tangu zamani, basi, mtoto na mtumishi walichangia jina moja.

Tusiwalaumu Waingereza pekee. Wafaransa humwita mhudumu wa mkahawa 'garçon', neno lile lile la mvulana. Waarabu wana 'ghulamu', ambalo ni mvulana na pia ni kijana anayetumikia, na wana 'jaria', ambalo ni msichana na pia ni mjakazi. Sababu si ngumu kuiona. Mtoto huagizwa wala haombwi. Akikosea hukemewa mbele za watu. Halipwi mshahara, na riziki yake hukadiriwa na mkubwa wake. Anayemwita mtu mzima kwa jina la mtoto humvika hali hiyo hiyo, hata kama hakukusudia.

Wakoloni walipotawala Kenya, Tanganyika na Unguja, waliwaita 'boy' wanaume waliowapikia na kuwafulia nguo, hata wale wenye ndevu na wajukuu. Kiswahili kikalichukua neno hilo likawa boi, na wengi wao wakawa maboi. Aliyelima bustani akaitwa shambaboi, neno lililoshonwa kwa vitambaa viwili, nusu letu na nusu lao. Wakati ule kazi za ndani katika nyumba za wageni zilifanywa zaidi na wanaume. Baada ya uhuru, miji ilipopanuka na akina mama wengi wakaingia katika ofisi na biashara, kazi hizo zikawaangukia zaidi mabinti waliotoka vijijini. Jina likabadilika jinsia tu, kutoka boi hadi geli. Mzungu aliondoka, lakini jina likabaki, na wanaolitamka leo ni sisi wenyewe.

Wala tusidhani kwamba mgeni ndiye peke yake aliyetufundisha kumdogosha anayetutumikia. Pwani yetu ilikuwa na majina yake kabla ya Kiingereza: mtwana, mjakazi, kijakazi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukaondolewa nguvu ya kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Kwa Tanganyika ilikuwa ni mwaka 1922. Hiyo si miaka mingi. Wapo wazee wetu waliolelewa na watu walioyashuhudia mambo hayo. Mazoea ya utumwa hayafutwi kwa hati. Hubaki katika namna ya kuita, ya kuagiza na ya kugawa chakula.

Linavyotumika leo

Tukiyasikiliza mazungumzo ya kila siku, tutaona neno hausigeli lina matumizi zaidi ya moja.

La kwanza ni jina la kazi. Huyu anafua, anapika, anafagia, anawaogesha watoto na kuwapeleka shule na chuoni. Katika maana hii neno linasema ukweli nusu. Linataja mahali, ambapo ni nyumba, na linataja umri na jinsia, yaani msichana. Kazi yenyewe halikuitaja. Mshona nguo tunamwita fundi, anayeendesha gari tunamwita dereva, lakini huyu mwenye kufanya kazi kumi kwa siku hana hata moja iliyoingia katika jina lake.

La pili ni jina lisilokua. Mwanamke wa miaka 40, mwenye watoto wanaosoma sekondari huko kwao, akiingia kufanya kazi katika nyumba ya watu bado ni 'geli'. Mtoto wa miaka sita wa nyumba hiyo humwagiza kama anavyomwagiza mdogo wake, na wazazi husikia wasiseme kitu. Mtoto huyo huyo angemwagiza jirani wa umri ule kwa sauti ile, angekanywa palepale.

La tatu ni tusi. Binti akivaa nguo isiyopendeza huambiwa amekaa kama hausigeli. Na mke akichoshwa na amri za mumewe husema, "Mimi si hausigeli wako!" Wasomaji wetu, kauli hii tuitafakari. Mama huyu hakatai kupika wala kufua, kwani kesho atapika na atafua. Anachokikataa ni kuagizwa bila kuombwa, kutumika bila kushukuriwa, na kusemeshwa kama mtu asiye na moyo. Kwa ulimi wake mwenyewe ameeleza maana ya neno hilo kuliko kamusi yoyote. Basi ikiwa hali hiyo haimfai yeye, kwa nini imfae binti wa mwenzake aliye jikoni na anaisikia kauli hiyo?

La nne ni mzaha. Vijana wa mjini walimpachika jina la 'beki tatu', na katika michezo mingi ya kuigiza yeye ndiye mjinga wa kuchekwa, mwizi wa sukari au mwenye kumnyemelea baba mwenye nyumba. Watoto wetu huyatazama hayo sebuleni, na anayechekwa amekaa nao papo hapo chini.

La tano, nalo ndilo zito kuliko yote, ni kwamba neno hili humeza jina la mtu. Nambari yake ya simu huhifadhiwa kwa neno 'Hausigeli'. Mgeni akiuliza, "Huyu nani?" hujibiwa, "Hausigeli," na mazungumzo yakaendelea. Akiondoka huyu akaja mwingine, jina linabaki lile lile, kana kwamba hakuna aliyeondoka. Lakini huyu binti alichinjiwa akika na wazazi wake, au alipewa jina kwa desturi za kwao, na mama yake akalitaja jina hilo katika dua.

Mtume alivyoyarekebisha majina

Uislamu haukulichukulia jambo la majina kwa wepesi. Katika Suratul-Hujurat, aya ya 11, Allah (s.w.) ametukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Katika Suratul-Ahzab, aya ya 5, ameamrisha watu waitwe kwa kunasibishwa na baba zao, na akabainisha kuwa huo ndio uadilifu zaidi mbele yake. Aya hii iliteremka kuhusu watoto wa kulea, wala hatudai kwamba inawazungumzia watumishi. Tunachojifunza ni kwamba kumwita mtu kwa nasaba yake ya kweli ni katika uadilifu.

Kuhusu wanaotumikia, ipo Hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra (r.a.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Humo Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu kusema 'mtumwa wangu' na 'mjakazi wangu', akawaelekeza waseme 'fataaya' na 'fataati', yaani kijana wangu na binti wangu. Tuzingatie kwamba waliokuwa wakizungumziwa hapo ni watu waliomilikiwa kisheria, walionunuliwa kwa mali. Hata wao hawakuachwa waitwe kwa jina la umilikaji, kwa sababu waja wote ni wa Allah peke yake.

Msomaji makini atauliza: je, 'binti wangu' si 'geli' lile lile? Jibu limo ndani ya Qur'an. Neno 'fataa' si neno la kudogosha. Ndilo walilolitumia watu wa Nabii Ibrahim (a.s.) walipomtaja kijana aliyeyavunja masanamu yao, katika Suratul-Anbiyaa. Ndilo lililotumika kwa vijana wa Pangoni, katika Suratul-Kahf. Na katika sura hiyo hiyo ndilo alilotajwa nalo kijana aliyefuatana na Nabii Musa (a.s.) katika safari yake, ambaye Hadithi inamtaja kuwa ni Yusha' bin Nun, na ndiye aliyewaongoza Bani Israili baada ya Musa. Mtume (s.a.w.) alichagua kwa mtumishi jina ambalo Qur'an imelitumia kwa watu watukufu. Kwa hiyo 'binti wangu' hapo ni kauli ya mzazi. Yule unayemwita hivyo unamtakia mema unayomtakia uliyemzaa.

Hata utumishi wenyewe si aibu. Nabii Musa (a.s.) aliajiriwa Madyan, kama ilivyo katika Suratul-Qasas. Mzee mwenye mifugo alimtajia muda, miaka minane, na akitimiza kumi itakuwa ni hiari yake. Kisha akamwahidi kwamba hataki kumtaabisha. Tazameni mkataba huo ulivyokamilika: muda unajulikana, malipo yanajulikana, ziada ni ya hiari, na mwajiri ametoa ahadi ya kutomwonea aliyemwajiri. Ni nyumba ngapi za mjini ambamo binti wa kazi ameelezwa hata mambo mawili kati ya hayo manne?

'Dada' pasi na haki

Wapo watakaotuambia kwamba kwao hawasemi hausigeli, wao husema dada. Hilo ni jema, na tunawapongeza. Watoto wakimwita dada kwa jina lake, au mama na shangazi akiwa ni mtu mzima, wanajifunza adabu mapema. Lakini tunapenda kuonya jambo moja. Jina la udugu linaweza kuwa pazia la kufichia dhulma.

Utamsikia mtu akisema, "Huyu hatumlipi kama mfanyakazi, sisi tunamchukulia kama mtoto wetu." Ukichunguza, utakuta mtoto wa nyumba hiyo yuko shuleni na 'mtoto' huyu yuko kwenye karo. Mtoto wa nyumba ana kitanda, na huyu hutandika godoro sebuleni wakubwa wakishamaliza kutazama televisheni. Mtoto wa nyumba akiugua hupelekwa hospitali usiku, na huyu hupewa panadol na kuambiwa apumzike akimaliza vyombo. Huo udugu umetumika kumnyima mshahara, kisha haukumpa chochote badala yake.

Katika Hadithi ya Abu Dharr (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliwaita watumishi kuwa ni ndugu zetu. Hakuishia kwenye jina. Mara baada ya kulitaja, aliorodhesha yanayofuatana nalo: alishwe anachokula mwenye nyumba, avishwe anachokivaa, asibebeshwe kazi inayomshinda, na akibebeshwa basi asaidiwe. Na Hadithi hiyo ilikuja kwa sababu ya neno: Abu Dharr alikuwa amemtukana mtu kwa kumwaibisha kwa mama yake, na Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba bado ana mabaki ya ujahilia ndani yake. Udugu wa Kiislamu huongeza deni, haulifuti.

Haki zinazofuatana na jina

Tuyataje machache, kila nyumba ijipime.

Chakula. Mtume (s.a.w.) ameelekeza kwamba mtumishi akileta chakula, basi akae ale pamoja na mwenyeji wake, na kama hakukalishwa basi apewe tonge moja au mbili katika chakula hicho, kwani yeye ndiye aliyevumilia joto lake na kukitayarisha. Ramadhani ndiyo inayotufichua. Yeye huamka kwanza kupasha daku, hushinda na funga yake jikoni kwenye mvuke wa futari, na adhana ya Magharibi ikilia, wengi hukaa mkekani na yeye hufungua kwa maji akiwa amesimama, kwa sababu bado anasubiriwa alete uji. Funga yake ni sawa na yetu. Nafasi moja mkekani haimtii umasikini mtu yeyote.

Ulimi. Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi, na ameeleza kwamba hakuwahi kuambiwa hata 'uff', wala kuulizwa kwa nini amefanya hili au hakufanya lile. Sisi wengine hatumalizi saa kumi.

Hasara. Baadhi ya nyumba hukata mshahara kwa kila kikombe kilichovunjika. Ipo Hadithi katika Bukhari inayosimulia kwamba mmoja wa wake za Mtume alileta chakula kwa mkono wa mtumishi, wakati Mtume yuko nyumbani kwa mke mwingine. Huyu mwenye nyumba akaupiga mkono wa mtumishi, sahani ikavunjika. Mtume (s.a.w.) akaviokota vipande, akakikusanya chakula, kisha akamzuia mtumishi mpaka ikaletwa sahani nzima kutoka kwa aliyesababisha kuvunjika, akaondoka nayo. Aliyevunja ndiye aliyelipa, na mtumishi hakurudi mikono mitupu.

Ujira. Katika Hadithi Qudsi, Allah (s.w.) amejitangaza kuwa mgomvi wa watu watatu Siku ya Kiama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Kushikilia mshahara wa miezi mitatu ili binti asiondoke ni dhulma hata kama tunaiita 'kumwekea akiba'. Tuongeze hapa jambo linalowachanganya wengi: zaka haiwi mshahara. Kama binti wa kazi ni fukara, anafaa kupewa zaka, lakini ni juu ya ujira wake, wala si mahali pa ujira.

Dini. Ikiwa ni Muislamu, apewe muda wa kuswali kwa wakati, na kama hajui Fatiha, basi nyumba inayomlipia mwalimu kwa ajili ya watoto imuite naye akae darasani. Ikiwa si Muislamu, haki zake za chakula, ujira na heshima hazipungui. Kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia Mtume (s.a.w.) alipougua, Mtume alikwenda mwenyewe kumzuru na kukaa kichwani pake.

Sitara. Hili huogopwa kusemwa, na kunyamaza kumeharibu maisha ya mabinti wengi. Binti wa kazi ni mwanamke ajnabi kwa baba mwenye nyumba, kwa mashemeji na kwa vijana waliobaleghe. Faragha naye ni haramu kama ilivyo haramu kwa mwanamke mwingine yeyote. Awe na mahali pa kulala penye mlango unaofungwa kwa ndani. Akileta malalamiko dhidi ya mwanamume wa nyumba, mama asianze kwa kumfukuza binti. Aanze kwa kumsikiliza.

Umri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imekataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Zanzibar nayo ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005. Mtoto anayeletwa mjini akiwa na miaka 11 kwa ahadi ya kusomeshwa, kisha akakabidhiwa mtoto mwenzake ambebe, amedhulumiwa na wawili: aliyemtoa na aliyempokea.

Sheria hiyo ya mwaka 2004 inataka pia mfanyakazi apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi, apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Amri za kima cha chini cha mshahara hutaja kundi la wafanyakazi wa majumbani na hubadilishwa mara kwa mara, hivyo ni wajibu wa mwajiri kuuliza katika ofisi ya kazi iliyo karibu naye. Kipo pia chama cha wafanyakazi, CHODAWU, kinachowajumuisha wafanyakazi wa majumbani. Na tarehe 16 Juni 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva Mkataba namba 189 kuhusu kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa majumbani. Katika lugha ya mkataba huo hayupo 'geli' wala 'boi', yupo mfanyakazi.

Mabinti zetu walio Ghuba

Hakuna kitu kinachotufunza maana ya neno hili kama kuliona likigeuziwa kwetu. Mabinti wengi kutoka Tanzania, Kenya na Uganda wamekwenda Oman, Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za majumbani. Huko huitwa 'khaddama'. Katika mfumo wa kafala, ruhusa ya mfanyakazi kuishi nchini hufungamana na mwajiri wake, na anayeondoka kwa mwajiri mbaya huweza kuhesabiwa kuwa ametoroka. Wapo waliopata waajiri wema wakajenga nyumba za wazazi wao. Wapo pia waliorudi na majeraha, na waliorudi katika majeneza.

Mama aliye Tanga au Mombasa akisikia kwamba mwanawe kanyang'anywa simu na pasi, halali ila saa nne na hana siku ya mapumziko, hulia na kuuliza, "Hawa nao ni Waislamu kweli?" Swali lake ni la haki. Ila wakati analiuliza, pengine jikoni mwake yupo binti wa mama mwingine, kutoka Kondoa au Kilifi, ambaye naye halali ila saa nne, hana siku ya mapumziko, na simu yake imefungiwa kabatini ili 'asiharibike'. Mama wa binti huyo naye ana swali lile lile.

Tuanzie wapi

Hatuwaambii wasomaji wetu kwamba kubadili neno kutamaliza dhulma. Tunasema kwamba neno ndipo mahali pepesi pa kuanzia, kwa kuwa halihitaji fedha. Leo hii baba na mama waulizane: jina lake kamili ni nani, baba yake ni nani, na kwao ni wapi? Jina lake liandikwe katika simu zao. Watoto wafundishwe kumwita kwa jina hilo, wakitanguliza dada, mama au shangazi kulingana na umri wake, na wafundishwe kusema 'naomba' na 'ahsante'. Akija mgeni, atambulishwe: huyu ni fulani binti fulani, anatusaidia kazi za nyumbani.

Baada ya jina, yafuate madeni. Baba na mama wakae naye waandike kazi zake, ujira wake, siku yake ya mapumziko na tarehe ya malipo, naye abaki na nakala. Kama kuna mshahara uliolala, ulipwe kabla ya kununuliwa pazia la Iddi. Na kila mwenye nyumba ajiulize swali moja tu: kama mwanangu angekuwa katika nyumba kama hii yangu, kwa jina hili, chakula hiki na malipo haya, je, ningelala usingizi?

Tunamwomba Allah (s.w.) azifanye nyumba zetu kuwa mahali pa amani kwa kila anayelala chini ya mapaa yake, awahifadhi mabinti zetu walio mbali na walio jikoni mwetu, na atuwezeshe kulipa haki za watu kabla ya siku ambayo deni halilipwi kwa dinari wala dirhamu, bali kwa mema yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.